Bambo na Kopo la Chachu

Kitale ya miaka ya themanini ilikuwa na wawili tu wenye uwezo wa kumharibia mkulima mwaka mzima. Wa kwanza alikuwa Mungu, akifunga mvua. Wa pili alikuwa Eliakim Walubengo, mpimaji wa unyevu kwenye bohari la mahindi. Mungu, angalau, alikuwa na siku yake ya kuombwa.

Kazi ya Eliakim ilikuwa kuchoma magunia. Alikuwa na bambo lake, chuma chembamba kilicho wazi tumboni kama mwanzi uliopasuliwa. Ukilitumbukiza kwenye gunia linatoka na punje za katikati, zile ambazo mwenyewe hakutaka zionekane. Alizimimina kiganjani, akazinusa, akaing'ata moja kwa jino la pembeni huku mkulima ameshika kofia mikononi kama mtu aliye mbele ya hakimu. Serikali ilishaleta mashine ya kupimia, lakini mashine ilikuwa kabatini ikingoja betri, na betri ilikuwa Nairobi ikingoja sahihi. Kwa hiyo taifa lilitegemea jino la Eliakim. "Mbichi," angesema. "Rudisha ukaanike." Na trekta iliyotoka Cherangani tangu alfajiri ingegeuka na mzigo wake wote.

Wakulima walimwita Bambo, na baada ya miaka michache hata kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa na mshika funguo, akawa Mzee Bambo.

Taabu ya kazi ya namna hiyo ni kwamba haibaki kazini. Eliakim alinusa chai kabla ya kunywa. Alinusa shuka kabla ya kulala. Siku moja alinusa mkono wa mchungaji kabla ya kuushika, na mchungaji akahubiri mwezi mzima juu ya majivuno bila kutaja jina. Chochote chenye unyevu, chochote kilichovimba, chochote kilichochachuka, Eliakim alikuwa na jibu moja kwacho.

Na nyumbani kwake, juu ya rafu ya jikoni, palikuwa na kopo la mafuta ya Kimbo lenye makosa hayo yote matatu.

Kopo lilikuwa la mkewe, Nanyama. Alilibeba kutoka kwao Chwele siku alipoolewa, akalipakata yeye mwenyewe ingawa mashangazi walikuwa wengi. Ndani yake mlikuwa na kitu kama uji mzito, cha rangi ya vumbi, ambacho Nanyama alikiita chachu. Kila siku alikilisha kijiko cha unga na maji kidogo. Jumamosi alichota sehemu, akaichanganya na unga wa ngano na chumvi, akakanda, akaacha, akakanda tena, na ilipofika jioni nyumba za wafanyakazi zote, mlango hadi mlango, zilikuwa zinanuka mkate. Hamira hakununua hata mara moja. Mama yake, Nakhungu, hakununua. Nakhungu aliipata wapi chachu ya kwanza hakuna aliyejua. Wengine walisema misheni. Wengine walisema siku moja uji ulimchachia, akaona uvivu kuumwaga.

Eliakim aliula mkate huo kwa miaka mingi bila kuuliza unatoka wapi, kama waume wengi wanavyokula.

Mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano, Nanyama alikwenda Bungoma kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Akamwachia mumewe nyumba, kuku, na neno moja: alishe kopo. Kijiko cha unga, maji kidogo, afunike na kitambaa. Kitu rahisi, alisema, hata mwanaume anaweza.

Eliakim akafunua kopo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akalisogeza puani.

Hebu tumwonee huruma kidogo. Ukimwonyesha polisi mtu anayekimbia na redio begani, unategemea afanye nini? Kilichomo kilikuwa kimelowa. Kilikuwa kimevimba. Kilikuwa na mapovu, na harufu yake ilikuwa ile ya gunia lililonyeshewa kwenye trela halafu likafunikwa na turubai. Eliakim hakuhitaji hata jino. Akakitoa nje, akakimwagia kuku, akalisugua kopo kwa jivu na mchanga mpaka likang'aa, akalianika juani limepinduliwa. Kisha akatia misumari ndani, akaona ameokoa familia.

Kuku walikula chote. Saa nane mchana jogoo akapanda juu ya ngazi, akawika kama kumekucha, akaanguka. Eliakim aliona ni uthibitisho.

Nanyama aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza tu kopo liko wapi, na mumewe akamwonyesha, akamweleza kwa sauti ya mtu anayengoja shukrani kwamba kitu kile kilikuwa kimeoza kabisa na kingemuua. Nanyama aliitazama ile misumari. Kisha akaingia chumbani, na Eliakim akasikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda.

"Mama Nasimiyu, ni uji tu," alisema mlangoni.

"Ni uji tu," Nanyama akakubali, akiendelea kukunja nguo. "Hata ule mwaka wa njaa, tulipokula yale mahindi ya manjano, uji huo ulikula kijiko chake kabla ya mimi kula. Nimeulisha tangu kabla Nasimiyu azaliwe. Wewe umeuua na pua."

"Si nitakununulia hamira."

"Hamira ni ya watu wenye haraka." Akafunga sanduku. "Naenda kwa mama. Nitarudi siku utakuwa na chachu yako, umeiotesha wewe, na mkate wake nimeuona ukiinuka. Na usilete ya mtu. Nitajua."

Nasimiyu, binti yao, alikuwa shule ya bweni na hakuwepo wa kubembeleza. Nanyama akaondoka siku hiyo hiyo.

Kama ingekuwa kabila jingine, jambo hili lingeisha kwa wiki. Mwanaume angekwenda Chwele na kichwa chini, mama mkwe angemsomea kidogo, angempa kijiko cha chachu na ushauri, basi. Lakini Eliakim alikuwa Mbukusu, na kwa Wabukusu mwanaume na mama mkwe wake hawakutani macho kwa macho. Akiingia mlango huu, yule anatokea ule. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani na kujifanya anatafuta kitu. Tangu aoe, Eliakim alikuwa amemwona Nakhungu kwa kisogo tu, tena kisogo cha kukimbia. Mbali na Nanyama, mwanamke pekee duniani aliyejua siri ya kopo ndiye mwanamke pekee ambaye hakuruhusiwa kumuuliza.

Akaanza kwa udanganyifu, ambao ndio mlango wa kwanza wa elimu. Alinunua hamira, akapika kitu, akakituma Chwele na wauza vitunguu. Kikarudi na wauza vitunguu hao hao, kimetobolewa tundu moja katikati kwa kidole, na ujumbe kwamba bohari limekataa.

Ndipo akakumbuka duka la Om Prakash. Mkewe Om Prakash, Lajwanti, alikuwa na jiko nyuma ya duka, na kila apitaye hapo alfajiri alisikia harufu ya mikate yake. Eliakim alinunua kibiriti asichokihitaji, akanunua sabuni, akanunua kiwi ya viatu, na alipobaki hana la kununua akauliza kwa sauti ya chini kwamba, je, mama wa nyumbani huinuaje unga bila hamira? Om Prakash alicheka mpaka akashika kaunta. Akamwita mkewe kwamba Bambo mwenyewe amekuja kuomba kufundishwa kuozesha. Lajwanti akatoka nyuma akipangusa mikono, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, naye hakucheka.

Alimweleza kama mtu anayemweleza mtoto njia ya shule. Chukua unga. Tia maji mpaka uwe kama uji mzito. Funika na kitambaa, usifunge kabisa. Kesho mwaga nusu, tia unga mwingine na maji mengine. Kesho kutwa vile vile. Usichoke.

Eliakim alikuwa akitikisa kichwa huku akingoja sehemu ya maana. Haikuja.

"Na chachu yenyewe, mama? Naitia lini?"

"Hutii. Iko tayari."

"Iko wapi?"

"Kwa unga," Lajwanti alisema. "Kwa hewa hii. Kwa mkono yako."

Eliakim akautazama mkono wake, mbele na nyuma. Miaka yote aliutia kwenye mahindi ya Wakenya kutafuta uozo, kumbe ulikuwa umeubeba. Alitoka dukani amesahau kibiriti.

Hapo ndipo kilipomwingia kitu ambacho hakikuwa kumkosa mke peke yake, ingawa kumkosa alimkosa. Soksi zilikuwa zimeanza kusimama zenyewe. Alitaka kujua. Akimwaga misumari na kutia unga wa ngano na maji, akikaa kwenye kigoda mbele ya kopo kama askari mbele ya benki, alikuwa anajiuliza: mgeni huyu ataingilia wapi? Anakuja na miguu? Usiku hulala? Alipokuwa kazini aliwaza kopo, na siku moja lori zima la mahindi mabichi lilipita bila kung'atwa.

Kopo lilimshangaza mapema. Siku ya pili tu likatoa mapovu, likapanda, likainua kitambaa. Eliakim aliwaita majirani. Wakaja, wakanusa, wakarudi nyuma. Harufu haikuwa ya mkate. Ilikuwa ya soksi zile zile. Lakini lilipanda, na yeye akatembea siku nzima na mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo. Kila saa alilifunua. Kila saa alilichoma kwa bambo lake, akaliinua kwenye mwanga, akaangalia kilichoganda tumboni mwa chuma, akaguna.

Halafu likafa.

Hakuna neno jingine. Mapovu yakaisha, uji ukajitenga, maji ya rangi ya chai hafifu yakakaa juu. Alilisha, halikujibu. Alilisha tena. Kitale kuna baridi ya kushuka mlimani, na jikoni kwake, tangu Nanyama aondoke, moto uliwashwa kwa nadra kwa sababu Eliakim alikuwa akila kibandani. Alilinusa. Pua yake, pua iliyolisha familia, ikasema waziwazi: mbichi, imeoza, rudisha. Akalibeba hadi nje. Kuku wakamwona, wakaja mbio. Jogoo alitangulia, ana kumbukumbu nzuri.

Eliakim akasimama na kopo mkononi. Akasikia tena masikioni mwake sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda. Akageuka, akavaa koti, akalificha kopo ndani ya koti, akaelekea Kipsongo.

Kipsongo, kati ya vile vibanda vya mabati na makaratasi, aliishi Jelimo, na kila mtu alijua Jelimo anauza nini. Busaa, ile pombe ya nafaka iliyochachushwa, ilikuwa imepigwa marufuku. Barazani chifu aliiita adui wa maendeleo, kisha akaenda nyumbani akamkaribisha adui kwa kikombe kikubwa. Sasa fikiria mzee wa kanisa, mshika funguo, katikati ya mchana, anainama kuingia kwenye mlango ule akiwa ameficha kitu ndani ya koti. Kabla hajanyooka upande wa pili, habari zilikuwa zimefika kanisani. Wazee walikutana kumwombea. Mke ameondoka, sasa ni pombe, mambo yanaeleweka. Eliakim alipewa habari za maombi hayo na hakuwasahihisha. Aliona ni afadhali wamdhanie mlevi kuliko wajue anajifunza kupika mkate.

Jelimo alidhani ni msako. Alipoona kopo, akakaa.

"Mzee Bambo, nilidhani umekuja kunikataa. Kumbe umeleta mgonjwa."

Alilinusa kopo polepole, macho amefumba. Eliakim alimtazama akinusa na akajua mara moja yuko mbele ya mtu wa kazi kama yake, ila huyu pua yake ilikuwa inauliza swali jingine. Yeye hunusa kujua kama kitu kimeharibika. Huyu alinusa kujua kimefika wapi.

Jelimo alisema kopo halijafa, limenuna tu. Wale waliopiga kelele siku za kwanza, alisema, ni wahuni. Kila sherehe wahuni ndio hufika mbele, wanakula, wanafanya fujo, wanachoka. Wakishatawanyika ndipo wenye sherehe wanaingia, taratibu, bila kelele. Wengi humwaga hapo katikati, wakidhani sherehe imeisha. Akamchotea unga wa wimbi, ule ulezi uliooteshwa anaoutumia kama kimera cha busaa. Akamwambia amwage nusu ya uji, atie wimbi kidogo kila mara, na alilaze kopo karibu na moto, si juu yake.

"Na hiyo chuma?" akauliza, kwa maana Eliakim alikuwa amekuja na bambo mfukoni.

"Ni ya kupimia."

"Hata wewe ukichomwa tumbo kila saa utainuka?"

Eliakim akarudi nyumbani, akalitundika bambo msumarini. Akawasha moto jikoni, akaanza kupika tena kwake ili kopo lisipate baridi. Akapika ugali, akapika mboga ya sukuma, akapika vibaya, lakini moshi ulianza kuonekana tena juu ya nyumba yake na majirani wakasema ameacha pombe. Alilisha bila kufunua ovyo. Na asubuhi moja, akiwa anatafuta kiatu, akanusa kitu ambacho hakikuwa soksi. Kilikuwa kama tunda. Kama maziwa ya mursik yaliyochachuka kibuyuni, na ndizi iliyoiva, vimekaa chumba kimoja. Uji ulikuwa umepanda hadi ukingoni, umejaa vitundu, na alipodondosha tone lake kwenye bakuli la maji, kama Lajwanti alivyomwelekeza, lilielea.

Mkate wa kwanza uliungua chini na kubaki unga juu. Wa pili ulimfundisha kuweka makaa juu ya kifuniko cha sufuria pia. Wa tatu aliukanda jioni akauacha ulale, akaukunja tena asubuhi, akautia kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto. Alipofunua, ulikuwa umesimama. Umepasuka juu kama ardhi ya Januari, kahawia, mzito wa haki. Alimpelekea Jelimo kipande, alimpelekea Lajwanti kipande. Om Prakash alikila cha mkewe, akasema ni mzuri kwa mtu aliyekataa hata mahindi ya mjomba wake mwenyewe.

Wa nne, mzuri kuliko wote, aliufunga kwenye kitambaa cheupe, akaupeleka Chwele. Ilikuwa siku ya soko. Alipanda pikapu ya wauza vitunguu, kopo mapajani, mkate pembeni. Mahali fulani baada ya Kimilili, gunia la vitunguu liliteleza, likaukalia mkate, likaukalia hadi mwisho wa safari.

Alifika kwa wakwe zake akinuka vitunguu, na mkate mwembamba kama kandambili. Akasimama nyuma ya ghala, penye heshima yake. Nanyama akatoka. Hakutabasamu, lakini alikuwa amevaa gauni ambalo mumewe alilipenda, na Eliakim hakuwa mjinga kiasi hicho. Kutoka jikoni, mlango umerudishwa nusu, sauti ya Nakhungu ikauliza ukuta:

"Huko nje kuna mutu ama ni mbuzi?"

"Ni mtu, mama. Yule wa Kitale."

"Aambiwe karibu. Aambiwe asipite mbele ya mulango."

Nanyama akafungua kitambaa. Eliakim akaeleza juu ya gunia. Sauti ya jikoni ikasema aambiwe kwamba kila mwanaume mkate wake hukaliwa na kitu.

Basi likabaki kopo. Nanyama akalipokea kwa mikono miwili, akafunua, akainamisha uso. Eliakim akajikuta amevua kofia na kuishika mikononi. Ndipo alipojua wale watu wa Cherangani hungojaje. Nanyama alinusa, akanusa tena.

"Ina wimbi," alisema.

"Alinipa Jelimo wa Kipsongo."

"Jelimo nani?"

"Anauza busaa tu."

"Anauza busaa tu," Nanyama akarudia, na kwa muda jambo lote likaning'inia pabaya. Kisha akaenda akaleta karai, unga na chumvi, akaviweka chini mbele ya mumewe. "Nilisema niuone ukiinuka. Kanda. Hapa."

Eliakim akakunja mikono ya shati, akapiga magoti nyuma ya ghala, akakanda. Wanawake wanaopita kwenda sokoni walisimama uani kana kwamba wamealikwa. Sauti ya jikoni ilikuwa haioni kitu lakini ilisikia kila kitu: kama kuna mtu anakanda, aache kupiga, huo si punda. Kama kuna mtu anatia unga mwingine kwa sababu unanata, auache unate. Kama kuna mtu anahema hivyo kwa mkate mmoja, Mungu amsaidie shambani. Mwishowe donge likatulia, likafunikwa, karai likawekwa juani kati ya ghala na jiko, na kazi iliyobaki ikawa ile ngumu.

Eliakim alifunua mara moja. Nanyama akalifunika tena. Alifunua mara ya pili, na Nanyama akamwambia akifunua tena yeye anaenda sokoni na harudi, wala hapa wala Kitale. Eliakim akaona ajitenge na jaribu lenyewe. Akazunguka nyuma ya ghala, akatembea hadi kwenye migomba, akahesabu migomba. Kukawa kimya.

Na kimya hicho ndicho kilichomponza Nakhungu. Alikuwa amekaa mle jikoni tangu asubuhi, mama mtu mzima, amelisha chachu maisha yake yote, na sasa hapo nje kuna chachu ambayo si yake, iliyotoka hewani Kitale, kwenye mkono wa mkwe, ikala wimbi la muuza busaa. Itainukaje? Hakusikia mtu akihema. Akadhani mkwe amekwenda sokoni. Akatoka, akanyata hadi kwenye karai.

Upande wa pili wa ghala, Eliakim naye alikuwa amemaliza migomba.

Walishika kitambaa kile kile, huyu pembe hii, yule pembe ile, wakakiinua pamoja, wakainamisha pua mbili kwenye karai moja. Kisha wakainua macho.

Nakhungu alivuta leso ikamfunika kichwa chote. Eliakim akageuka. Kila mmoja akakimbilia mlango wa karibu, bila kuchagua, na vumbi lilipotulia, mwanaume alikuwa ndani ya jiko la mama mkwe wake na mama mkwe alikuwa ndani ya ghala, amejifungia na mahindi.

Nanyama alijaribu kujizuia. Alishika mdomo, akashika mbavu, akaketi chini uani, akacheka kicheko ambacho mumewe hakuwa amekisikia tangu wakiwa wachumba. Wanawake wa sokoni waliweka vikapu chini, wakamsaidia kucheka.

"Umeinuka?" Eliakim aliuliza kutoka jikoni.

Nanyama akajifuta macho, akafunua karai. Donge lilikuwa limejaa hadi ukingoni, mviringo, laini, linapumua.

"Umeinuka," alisema. "Sasa upike. Si uko jikoni?"

Akaupika. Alikuwa amezungukwa na vyungu vya mwanamke asiyeruhusiwa kumwona, akaazima sufuria yake, akachota makaa yake, na maagizo yakamfikia kutoka ghalani: aambiwe makaa ya juu yazidi ya chini. Aambiwe asifunue kabla ya wakati, tumeshaona tabia yake. Na aambiwe mahindi haya yaliyo humu ndani yamekauka, asije kesho akasema mengine.

Mkate ulipotoka, Nanyama aliugonga chini kwa kidole na ukajibu kama ngoma. Akaungoja upoe, akaukata, akala kipande akiwa amesimama. Kipande cha pili akakipeleka ghalani. Hapo wanawake wote wakasogea karibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama mama mkwe anaweza kula unga uliokandwa na mkono wa mkwe. Mila ilishughulika na macho, mkate ilikuwa imeusahau. Mlango wa ghala ukafunguka kiasi cha kiganja. Kipande kikaingia. Wakasikia kutafuna.

"Aambiwe chumvi imepungua," Nakhungu alisema.

Kisha kiganja kikatoka tena, kitupu, kikangoja kingine.

Nanyama alikwenda kutafuta sanduku lake. Kopo alilipakata mwenyewe hadi Kitale.

Eliakim aliendelea kukataa mahindi, maana mahindi mabichi ni mahindi mabichi. Lakini maswali hayakumwisha. Mbona chachu hupanda sana siku ya joto? Mbona huchukia chumvi? Kilichomo ni nini, kinakula, kinapumua, kina akili? Nanyama alimjibu amuulize mama, na kila alipokwenda Chwele alibeba swali la mumewe akarudi na jibu fupi, mara nyingi ni tusi.

Miaka ya tisini ilipofika na Nakhungu akazeeka, Eliakim alipeleka blanketi na mbuzi kama inavyotakiwa ili watu waruhusiwe kukaa pamoja. Wakakalishwa kwenye viti viwili, uso kwa uso, kati yao chai na mkate. Eliakim alikuwa amelitunza swali lake muda huo wote.

"Mama," alisema, "ndani ya kopo kuna nini hasa?"

Nakhungu alimtazama kutoka kofia hadi viatu, mara ya kwanza bila haraka.

"Ai," alisema. "Na mimi miaka hii yote nilikuwa nangoja wewe wa bambo uniambie."